Kundi la Kanisa Linapokwenda Kusaidia Kwenye Maafa: Mwongozo wa Safari

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa ya kwanza ya Majilio. Alfajiri ile, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, ilimeguka. Tope lililochanganyika na mawe na magogo lilishuka hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vilivyo chini ya mlima, Gendabi na Jorodom vikiwemo. Waliopoteza maisha walifika 89. Katika usharika wetu, Arusha, ibada ya pili ilikuwa haijaisha na tayari vijana walikuwa wanauliza basi linaondoka lini.

Nami nilikuwa miongoni mwa waliouliza. Tulikwenda siku chache baadaye, watu 32, tukafika saa nane mchana na njaa ya safari. Hatukuwa tumemtaarifu mwenyekiti wa kitongoji, wala hatukubeba chakula cha kupika. Mama mmoja ambaye jiko lake lilikuwa limefukiwa alikwenda kuazima unga kwa jirani akatusongea ugali, kwa sababu kwake mgeni hashindi njaa. Tulikula tumeinamisha vichwa. Baadaye tuliambiwa unga ule ungewatosha wanawe siku nne.

Hatua zilizomo humu zimetokana na siku ile na safari zilizofuata. Nawaandikia viongozi wa vijana, wa kwaya, wa jumuiya na wa umoja wa wanawake, watu ambao siku moja wataambiwa, "Tupange safari." Mifano mingi ni ya Hanang kwa kuwa ndiko nilikofanya kazi, ila hatua zenyewe zinafaa pia kwenye mafuriko kama yale ya Rufiji na Kibiti ya mwaka 2024. Kama msomaji ataondoka na jambo moja tu, basi liwe hili: kundi lisilojitosheleza kwa chakula, maji na mahali pa kulala linaongeza idadi ya watu wanaohitaji msaada.

Hatua ya 1: Piga simu kabla ya kutangaza safari

Usitangaze kanisani kwanza. Ukishatangaza, watu watajiandikisha, nguo zitaanza kurundikana kwenye ofisi ya usharika, na itakuwa vigumu kusema "tusubiri" hata kama kusubiri ndiko kunakotakiwa.

Simu ya kwanza mpigie mchungaji, paroko, mwinjilisti au katekista wa eneo lenyewe. Kwa Wakatoliki, Caritas ya jimbo huwa imeshaanza kazi. Simu ya pili iende kwa serikali. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Ya wilaya inaongozwa na Mkuu wa Wilaya. Mnapoingia eneo la maafa mnaingia chini ya kamati hiyo, hata kama mmeitwa na kanisa.

Uliza maswali manne, na uandike majibu. Mnahitaji watu, au mnahitaji fedha? Kama ni watu, wangapi, kwa kazi gani, kuanzia tarehe gani? Watalala wapi bila kumwondoa mtu? Nani, kwa jina na simu, atatupokea na kutupangia kazi?

Jibu likiwa "tumeni fedha," tumeni fedha, na msijione mmenyimwa huduma. Wanafunzi wa Antiokia waliposikia njaa inakuja walichanga kila mtu kwa kadiri alivyoweza, wakapeleka kwa wazee wa Uyahudi kwa mikono ya watu wawili. Hawakuondoka mji mzima.

Kuhusu wakati, nina msimamo. Siku za mwanzo ni za Jeshi la Wananchi, Zimamoto na Uokoaji, Polisi na Msalaba Mwekundu. Kutafuta watu chini ya kifusi kunataka mafunzo na mitambo, na kundi la kwaya lenye makoleo linaweza kukanyaga mahali ambapo mtu bado anapumua. Sisi zamu yetu inaanza wiki ya pili au ya tatu, kamera zikiwa zimeondoka na tope bado liko usawa wa dirisha. Wakati huo hata waliokuwa na nguvu za kuchimba wamechoka. Kule Hanang, nyumba mpya za waathirika katika eneo la Waret zilikabidhiwa mwaka uliofuata. Kazi ipo ndefu kuliko hamu ya wiki ya kwanza.

Hatua ya 2: Tanguliza watu wawili au watatu

Nehemia alipofika Yerusalemu alizunguka ukuta uliobomoka usiku, na watu wachache tu, kabla hajamwambia mtu yeyote alichokusudia. Fanyeni hivyo. Watangulizi walale usiku mmoja, wamwone mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, watembee nyumba kwa nyumba na mtu wa pale.

Warudi na majibu ya mambo haya: orodha ya nyumba zitakazofanyiwa kazi, imepangwa na kijiji na wenyewe wameridhia, kina cha tope katika kila moja, mahali pa kumwaga tope, maji yanatoka wapi, zahanati au hospitali iliyo karibu na barabara ya kufika huko mvua ikinyesha, mtandao gani wa simu unashika. Wapige picha za kuta na barabara. Watu wasipigwe picha.

Orodha ya nyumba ianze na wajane, wazee wanaoishi peke yao, wenye ulemavu, na kaya zenye watoto wachanga. Isianze na washirika wa dhehebu lenu. Nitalirudia hili mbele kwa sababu ndipo makundi mengi ya kanisa yanapoteleza.

Hatua ya 3: Chagua watu wachache

Kumi na wawili hadi kumi na sita wanatosha. Wanaingia kwenye Coaster moja pamoja na vifaa, wanalala kwenye ukumbi mmoja, na kiongozi anaweza kuwahesabu kwa macho. Sisi 32 tulikuwa wengi mno. Nusu yetu tulisimama tukisubiri koleo.

Wawe na umri wa miaka 18 au zaidi. Tafuta fundi mwashi mmoja au wawili, muuguzi au mtu aliyesomea huduma ya kwanza, mpishi asiyepangiwa kazi nyingine, na dereva mwenye usingizi wa kutosha. Wanawake wawepo wa kutosha, kwa maana kuna mama ambaye hatamweleza kijana wa kiume kilichomkuta. Hanang utawakuta Wairaqw, Wabarbaig na Wanyaturu. Bibi wa Kibarbaig anaweza kukuitikia salamu kwa Kiswahili, lakini kilio chake atakieleza kwa lugha yake. Mtu mmoja anayesema lugha ya pale ana thamani kuliko makoleo matano.

Aliyezika hivi karibuni mwache apumzike, hata akisisitiza. Mtu anayetaka kwenda ili apate picha, utamjua kwa maswali yake.

Kila mmoja ajaze karatasi moja: jina kamili, namba ya kitambulisho cha NIDA, simu ya ndugu wa karibu, magonjwa aliyonayo, dawa anazotumia, kadi ya bima ya afya. Nakala moja ibaki ofisi ya usharika. Kila mmoja ahakikishe amechanjwa pepopunda. Msumari uliofichwa ndani ya tope hauulizi kama umeokoka.

Hatua ya 4: Fedha na vifaa

Mchango upitie akaunti au namba ya kanisa, usiingie kwenye simu ya mtu, na watu watatu waone kila muamala. Hesabu ya matumizi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo mkirudi, pamoja na risiti.

Nguo za mitumba msibebe, labda kama mmeombwa kwa saizi na idadi. Hili linawaudhi watu wema, nalielewa. Lakini marobota ya nguo yasiyochambuliwa hula muda wa watu wanaotakiwa kugawa chakula, na mengi huishia kuloa nje. Badala yake nunueni vitu kwenye maduka ya hapohapo au mji wa karibu, Babati au Singida kwa mfano wetu. Mwenye duka naye amepoteza, na fedha yenu inamrudisha kwenye biashara.

Vifaa vya watu kumi na tano, kwa uzoefu wetu:

- makoleo 8, majembe 4, sululu 2, reki 2
- toroli 3 zenye matairi mazima, na pampu ya kujazia upepo
- makarai na ndoo 15
- viroba vitupu, kamba ya katani, maturubai 3
- mabuti ya mvua kwa kila mtu, glavu nzito jozi mbili kila mmoja, barakoa za vumbi
- sabuni, Jik, brashi ngumu, fagio za chelewa
- sanduku la huduma ya kwanza, pakiti za chumvichumvi za kuharisha, tochi
- tangi la maji la lita 500 na vidonge vya WaterGuard

Chakula kiwe cha siku zote mtakazokaa na akiba ya siku mbili. Gesi au mkaa bebeni wenyewe. Kuni zilizopo kijijini ziacheni kwa wenyeji. Katesh usiku ni baridi, kwa hiyo blanketi na sweta ni lazima, na chandarua pia.

Hatua ya 5: Njiani

Safirini mchana. Dereva awe na kibali cha safari ya kukodi, na mtu yeyote asipakiwe juu ya mzigo kwenye Fuso, hata kwa kipande kifupi cha mwisho. Kutoka Arusha mnapita Makuyuni na Babati. Kutoka Dodoma mnapita Kondoa. Sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa asubuhi ya safari. Mvua kubwa ikitabiriwa upande wa mlimani, ahirisheni. Mlima uliomeguka mara moja unaweza kumeguka tena.

Hatua ya 6: Saa za kwanza mkifika

Msishushe makoleo. Kiongozi na mtu mmoja waende ofisi ya kijiji, waandikishe majina yote, waeleze mmekuja siku ngapi na mmebeba nini. Wengine waweke kambi: mahali pa kulala, mahali pa kupikia, mahali pa kunawa mikono. Swali la choo liamuliwe saa hiyo hiyo. Kama vyoo vya shule au kanisa vinatumiwa na familia zilizohifadhiwa pale, nyinyi tafuteni kwingine au chimbeni chenu, mbali na kisima na upande wa chini yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwenye maafa mgeni anakuja na jembe lake, na siku ya kwanza anauliza aanzie wapi.

Jioni kaeni mpange zamu, na kila mtu ajue ishara moja ya hatari. Sisi tulitumia filimbi: mlio mrefu mmoja, kila mtu anatupa alichoshika na kukimbilia sehemu ya juu tuliyokubaliana.

Hatua ya 7: Kutoa tope

Hapa ndipo nguvu zitakapokwenda, na hapa ndipo watu huumia.

Kwanza upige hesabu. Chumba cha mita tatu kwa tatu, tope nusu mita, kina mita za ujazo nne na nusu. Tope lililoloa lina uzito unaoweza kuzidi tani moja na nusu kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo chumba hicho kimoja kina zaidi ya tani sita. Toroli linalobeba lita 60 litakwenda na kurudi mara 75. Watu wanane wakifanya kazi vizuri watakimaliza kwa siku. Mkijua hivyo hamtaahidi nyumba kumi kwa wiki.

Kabla ya kuingia, zungukeni nyumba yote kwa nje. Angalieni nyufa, ukuta ulioinama, paa lililolegea, mti uliolalia. Nyumba nyingi za vijijini ni za tofali mbichi au za miti na udongo, na ukuta wa namna hiyo ukishaloa unaweza kuanguka siku kadhaa baada ya mvua kukatika. Jambo ambalo hatukulijua ni hili: tope lililoko nje na lililoko ndani yanashikiliana kupitia ukuta. Ukitoa la ndani lote huku la nje liko usawa wa dirisha, ukuta unasukumwa upande mmoja tu. Punguzeni pande zote mbili kidogo kidogo, kina cha koleo moja ndani, kina cha koleo moja nje. Fundi mwashi asimame akiangalia ukuta tu, asipewe kazi nyingine. Akisema tokeni, mnatoka bila kumaliza kujaza karai.

Umeme ukatwe kwenye swichi kuu kabla mtu hajagusa chochote. Kama kuifikia swichi kunakulazimu kusimama ndani ya maji, acha, waite TANESCO. Waya uliolala chini uchukulieni kuwa una umeme, hata mkiambiwa umekatwa tangu wiki jana. Mtungi wa gesi utolewe nje kwanza.

Ndani ya nyumba anzeni mlangoni mkielekea ndani, ili njia ya kutokea iwe wazi wakati wote. Chokoeni kwa reki kabla ya kuingiza mkono. Nyoka na vioo hukaa pamoja chini ya magodoro. Badilishaneni kila baada ya dakika ishirini: wanaochimba wanakwenda kwenye toroli, wa toroli wanapumzika. Vijana watataka kuonyesha nguvu asubuhi ya kwanza, na saa sita mgongo utakuwa umewagomea. Kama njia ni nyembamba, pangeni mstari mpitishiane makarai mkono kwa mkono; ni mwepesi kuliko kupishana.

Tope limwagwe pale kijiji kiliposema. Mkijaza mtaro, mvua ijayo itarudisha yote ndani ya nyumba ile ile au ya jirani.

Tandazeni turubai karibu na mlango. Kila kinachotoka ndani ambacho si tope kinawekwa pale, na hakitupwi mpaka mwenye nyumba aseme kitupwe. Kwetu sisi lile ni sufuria lililopondeka. Kwake huenda ndilo alilopewa na mama yake siku ya harusi. Karatasi zitafuteni kwa subira: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule, hati ya kiwanja, kadi za kliniki. Msizisugue. Zisuuzeni taratibu kwenye beseni la maji safi, kisha zilazwe kivulini katikati ya vitambaa vikavu. Picha za watu waliokufa ndizo zilizoulizwa zaidi kuliko kitu kingine chochote tulichotafuta.

Mkikuta mwili au sehemu ya mwili, kazi inasimama hapo. Funikeni, kiongozi awaite polisi kupitia mwenyekiti wa kijiji, watu wasogee mbali, na mtu yeyote asishike simu. Msitangaze ni nani hata kama mnadhani mnajua. Aliyeona asirudi kwenye koleo siku hiyo. Akae na mtu.

Sakafu ya saruji ikishabaki wazi, ioshwe kwa maji na sabuni, kisha ipakwe mchanganyiko wa Jik. Kwa Jik ya asilimia 3.5, kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo sita vya maji kinatoa dawa ya asilimia 0.5. Iache dakika kumi, madirisha yakiwa wazi. Usichanganye Jik na dawa nyingine ya usafi. Hewa inayotoka inaweza kumwua mtu. Sakafu ya udongo haioshwi. Kwangueni tabaka la juu, acheni jua na upepo vifanye kazi, shindilieni udongo mpya baadaye.

Hatua ya 8: Afya ya kundi

Maji ya kunywa yatiwe dawa yote, hata yanayoonekana meupe, kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa. Kwa kunywa peke yake, mtu anayechimba juani ahesabiwe lita nne kwa siku. Akianza kuharisha apewe mchanganyiko wa chumvi na sukari mara moja: lita moja ya maji salama, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kisha apelekwe zahanati, kwa sababu baada ya mafuriko kipindupindu hakiko mbali.

Ugonjwa ambao watu wetu hawaufikirii ni homa ya mgunda, ile iliyozuka Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022. Vimelea vyake vinatoka kwenye mkojo wa wanyama, panya hasa, vikakaa ndani ya maji na udongo uliolowa, vikaingia mwilini kwa njia ya michubuko, macho au mdomo. Ndiyo maana kidonda hufunikwa, mabuti hayavuliwi ndani ya tope, na hakuna kula kabla ya kunawa. Dalili zinaweza kuchelewa hadi mwezi mmoja. Atakayepata homa akiwa amesharudi nyumbani amwambie daktari, "Nilikuwa nachimba tope la maafa." Bila maneno hayo atapimwa malaria na kurudishwa nyumbani.

Hatua ya 9: Mbele ya waliofiwa

Sema "pole," kisha nyamaza. Akikaa, kaa. Akitaka kusimulia, mwache asimulie mpaka mwisho, hata kama ni mara ya tatu. Shirika la Afya Duniani linafundisha huduma hii ya kwanza ya moyo kwa maneno matatu ambayo mtu yeyote anaweza kuyashika: angalia, sikiliza, unganisha. Kuunganisha ni kumfikisha kwa anayeweza kumsaidia: muuguzi, afisa ustawi wa jamii, ndugu anayemtafuta.

"Kazi ya Mungu haina makosa" ni maneno tunayoyasema misibani tangu utotoni. Aliyefukua watoto wake akiyasema mwenyewe, muitikie. Wewe mgeni usimwanzie. Wala usimwambie kwamba Mungu alikuwa na kusudi, wala usiulize kwa nini walijenga chini ya mlima.

Sala iombwe ruhusa. "Mama, ungependa tuombe pamoja?" Akikataa, kazi inaendelea vilevile. Chini ya Hanang wapo Wakristo wa madhehebu mengi, wapo Waislamu, wapo wazee wanaoshika dini ya mababu. Kanuni za maadili za misaada ambazo Msalaba Mwekundu na mashirika mengi walizikubali mwaka 1994 zinasema msaada hutolewa kwa kuangalia uhitaji, na hautumiki kueneza msimamo wa dini. Mimi ni mwinjilisti kwa wito, na nasema bila kuona aibu kwamba kanuni hiyo ni ya haki. Mfuko wa unga unaotolewa baada ya mahubiri unamfanya mwenye njaa ashindwe kukataa mahubiri, na imani ya namna hiyo sijui tunampelekea nani. Fulana zenye jina la usharika vaeni, zinasaidia kutambulika. Bango lisitundikwe juu ya misaada, na mtu asipangwe foleni ili apigwe picha akipokea ndoo.

Kuhusu picha kwa jumla: nyuso za watoto, za waliojeruhiwa na za waliofiwa msizirushe mitandaoni. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata isingekuwepo, muulize anayepiga kama angekubali mama yake aonekane vile.

Watoto wasiachwe na mtu mzima mmoja peke yake, kamwe, hata akiwa mzee wa kanisa. Mtoto asiye na mlezi anapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii. Namba 116 ya huduma kwa mtoto inapokea simu bila malipo. Hakuna mshirika anayerudi na mtoto kwenye basi akisema "nitamlea," hata kama machozi yake ni ya kweli.

Hatua ya 10: Kuondoka, na kurudi

Siku moja kabla ya kuondoka acheni kuanza nyumba mpya. Malizeni iliyopo. Fungeni choo mlichochimba, zoeni takataka zenu, lipeni madeni yote ya dukani. Vifaa mnavyoviacha viandikwe kimoja kimoja, na mtendaji asaini mbele ya mashahidi kwamba ni mali ya kijiji. Koleo lisilo na karatasi huleta ugomvi. Kiongozi apite kwa kila mwenye nyumba amuulize nini hakikwenda vizuri, akiwa peke yake, bila kundi nyuma yake.

Mkifika nyumbani, kaeni siku tatu, kisha kutaneni wote kwa saa mbili bila sherehe. Kila mmoja aseme alichokiona. Asiyelala, anayeshtuka kila mvua ikinyesha, au aliyeanza kunywa, asiachiwe maombi peke yake. Apelekwe hospitali kwa mtaalamu wa afya ya akili. Tumewahi kumwacha kijana wetu mmoja miezi miwili kabla hatujaona.

Halafu pangeni tarehe ya pili. Msamaria alibeba mafuta yake mwenyewe, alimpandisha majeruhi kwenye mnyama wake mwenyewe, alilipia nyumba ya wageni, na akamwambia mwenye nyumba kuwa atarudi kulipa kitakachozidi. Tunahubiri sana habari ya kusimama njiani, na tunasahau kwamba alipanga kurudi.

Sisi tulirudi Januari 2024, watu 14. Safari hii tuliuliza kwanza, tukaambiwa shule zinafunguliwa na watoto hawana madaftari wala sare, tukanunua Babati. Kabla hatujashusha vifaa tulikwenda kwa mama yule na magunia mawili ya unga. Alipokea moja. La pili alituonyesha nyumba ya jirani aliyemwazima, nasi tukalibeba tukampelekea.